Leseni ya Kukanyaga Pedeli

Simama Igoma saa moja jioni, pale Barabara ya Nyerere inapotoka Mwanza mjini kuelekea Kisesa, Magu na Musoma, na hoja ya kuwadai wapanda baiskeli leseni itakuingia bila kuhubiriwa. Giza la Kanda ya Ziwa huingia haraka. Hiace zinagombania abiria, malori yananguruma, bodaboda zinapenya kulia na kushoto, na katikati ya msongamano huo zinapita baiskeli zisizo na taa hata moja. Huyu amefunga matenga ya nyanya yaliyozidi upana wa mabega yake mara mbili. Yule anakuja upande usio wake, uso kwa uso na magari, kwa sababu kichochoro anachokitaka kiko hatua chache mbele na haoni haja ya kuvuka barabara mara mbili. Dereva anayelazimika kukanyaga breki ghafla ana haki ya kukasirika. Na akishakasirika, swali lake ni lile lile: mimi nimesomea udereva, nimelipia leseni, nimekata bima, huyu mwenzangu kapewa barabara na nani?

Swali hilo linastahili jibu la heshima. Wanaoliuliza hawana chuki na maskini, na wengi wao wamewahi kumkosakosa mtu gizani kwa kipimo cha kiganja, wakalala usiku ule wakitetemeka. Jibu langu ni kwamba leseni ya baiskeli ingekuwa kosa, na katika mji kama Mwanza ingekuwa kosa kubwa kuliko mahali pengi. Lakini hofu inayoizaa hoja hiyo ni ya kweli, na atakayeikataa leseni ana wajibu wa kusema nini kifanyike badala yake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168 ya sheria zetu, inamdai leseni ya udereva yule anayeendesha chombo cha moto. Madaraja ya leseni hizo yanaanzia kwenye pikipiki na kupanda hadi mabasi na malori. Baiskeli haimo. Nje ya mipaka yetu pia ndivyo ilivyo: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao umeunda sheria za nchi nyingi duniani, unamtaka dereva wa chombo cha moto awe na kibali, na haumdai kibali hicho mpanda baiskeli. Hiyo haina maana kwamba mpanda baiskeli yuko nje ya sheria. Anatakiwa kushika kushoto, kusimama penye taa nyekundu, kumtii askari anayeongoza magari. Trafiki anaweza kumsimamisha leo hii, bila kusubiri sheria mpya.

Kwa nini basi walioandika sheria hizi, miaka hiyo na nchi zote hizo, waliutenga mguu na injini? Hesabu ndogo inatosha kuonyesha. Chukua muuza maziwa wa Kisesa mwenye uzito wa kilo 70, juu ya baiskeli ya kilo 20, amebeba madumu ya kilo 80, anakwenda kilomita 15 kwa saa. Sasa chukua Hiace iliyojaa, tani 3, kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa ambao ndio kikomo cha kisheria ndani ya makazi. Nishati ambayo Hiace hiyo itaimwaga ikigonga kitu ni karibu mara 200 ya ile ya muuza maziwa pamoja na madumu yake yote. Hiace ikizidisha mwendo kidogo tu, pengo linapanuka haraka kuliko mwendo wenyewe, maana nishati hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4. Leseni ya udereva ilibuniwa kwa sababu chombo cha moto, kikikosewa mara moja, kinaua watu wengine. Mpanda baiskeli anayekosea anaweza kumvunja mtu mkono, na mara chache sana anaweza kuua. Mara nyingi anayekufa ni yeye mwenyewe.

Hili la nani anakufa lisipitwe haraka. Duniani kote watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Ni watu wasio na bati linalowazunguka. Kumdai cheti mtu anayegongwa, ukimwacha barabarani anayemgonga kama alivyo, ni kuutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

Kuna atakayesema: lakini leseni inafundisha nidhamu, hata kwa mdhaifu. Mwanza ina ushahidi wake wa jambo hili, na ushahidi huo unalala wodini katika Hospitali ya Bugando.

Pikipiki zilipoanza kubeba abiria kwa wingi katika miji yetu, serikali iliamua kuziingiza kwenye mfumo. Mwaka 2010 zilitoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, chini ya mamlaka ya usafiri ya wakati ule, SUMATRA, ambayo kazi yake tangu 2019 inafanywa na LATRA. Dereva wa bodaboda alitakiwa awe na leseni ya udereva, kofia ngumu, bima, na kibali cha biashara. Mwaka huo huo wa 2010, Dkt. Phillipo Chalya na wenzake wa Hospitali ya Bugando walichapisha katika Tanzania Journal of Health Research utafiti wao kuhusu majeruhi wa pikipiki jijini Mwanza, wakisema hilo ni tatizo la afya ya umma linalochipuka na linalodai hatua za haraka. Miaka mingi imepita tangu kanuni na onyo hilo vitoke pamoja. Bodaboda ni wengi kuliko wakati ule, viongozi wa polisi hawachoki kurudia kwamba madereva wengi hawana leseni, na majeruhi wa pikipiki bado wanapandishwa kile kilima cha Bugando mchana na usiku.

Sisemi leseni ya pikipiki ifutwe; pikipiki ni chombo cha moto na dereva wake lazima asomee. Ninachosema ni kwamba tumejaribu kuwaleta kwenye mstari vijana wenye injini, vyama, vijiwe vinavyojulikana na namba za usajili zinazosomeka, tukashindwa kuwakamilisha wote. Ni kwa uwezo gani basi tutamfikia mkulima wa Nyanguge anayeingia mjini mara moja kwa wiki na baiskeli isiyo na namba? Serikali yenyewe imewahi kukiri kwamba mzigo uliwaelemea hawa wa pikipiki: katika bajeti ya mwaka 2021/22 faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na kwa bajaji hadi 15,000. Na kama faini ya 30,000 ilikuwa nzito kwa mwenye pikipiki, tufikirie uzito wa leseni kwa mwenye baiskeli. Leseni ya udereva tangu mwaka 2019 hudumu miaka mitano kwa ada ya shilingi 70,000. Hata ukiipunguza ada hiyo hadi robo au moja ya tano kwa ajili ya baiskeli, bado unamdai mtu faida ya siku kadhaa za maziwa, mkaa au dagaa, kabla hujahesabu nauli na siku anazopoteza kwenye foleni.

Watu wa kanda hii wana kumbukumbu ndefu kuhusu baiskeli na risiti, na mtunga sheria asiyeijua kumbukumbu hiyo atashangaa atakapokuta watu wamenuna.

Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda bandarini Dar es Salaam. Kadiri pamba ilivyopanuka, hasa miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndivyo baiskeli zilivyoingia vijijini. Mkulima aliyepata msimu mzuri alinunua baiskeli kama alivyonunua ng'ombe, na baiskeli ikawa mali ya ukoo: ilipeleka mgonjwa zahanati, bibi harusi kwake, gunia la pamba ghalani. Wakati Paul Bomani na wenzake wanaunda ushirika wa wakulima uliokuja kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, vijiji vya Usukuma vilikuwa vimetawanyika mbali na barabara za magari, na njia za baiskeli ndizo zilizoviunganisha. Baada ya uhuru tukawa na baiskeli yetu wenyewe, Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO. Zikaja na Phoenix za China, Avon na Hero za India, na keria nzito za chuma zilizoungwa na mafundi wa mitaani ili zibebe mzigo ambao kiwanda hakikuukusudia. Shinyanga mjini, kwa miaka mingi, daladala ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Ng'ambo ya ziwa, mpakani Busia, bodaboda yenyewe ilizaliwa ikiwa baiskeli kabla ya kuwa pikipiki.

Na pamoja na baiskeli zikaja kodi zake. Wazee wanaikumbuka kodi ya baiskeli iliyotozwa na halmashauri, na wanayakumbuka makosa yaliyoambatana nayo: kuendesha bila kengele, kuendesha usiku bila taa, kushindwa kuonyesha risiti. Mkusanya ushuru alijua pa kukaa. Alikaa njiani siku ya gulio. Mwenye risiti alipita. Asiye nayo aliacha baiskeli, au aliacha sehemu ya alichokuwa anapeleka sokoni, au alijifunza njia ya porini. Sijawahi kusikia mzee akisema kodi ile ilimfundisha kupiga kona vizuri zaidi. Wala haikujenga njia ya baiskeli hata hatua mia. Mwaka 2003 serikali ilipofuta kodi ya maendeleo pamoja na rundo la ushuru mdogo mdogo uliokuwa ukiitwa kero, watu wa vijijini walipumua, na waliokuwa wakipumua hawakuwa wavunja sheria.

Tena kumbukumbu hiyo ni ya zamani kuliko halmashauri zetu za sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, wenye nia iliyosemwa kuwa njema: kuhifadhi udongo, kupunguza mifugo, kuzuia njaa. Ulitekelezwa kwa sheria ndogo na faini. Lima matuta namna hii, panda muhogo kiasi hiki, uza ng'ombe wangapi, la sivyo utalipa. Watu waliuchukia, chama cha TANU kikapigwa marufuku Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na mwaka 1958 ghasia za Geita zikaonyesha kwamba subira imekwisha. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yalikuwa wazo zuri la kilimo. Liliharibiwa na mkono wa faini. Usalama wa mpanda baiskeli nao ni wazo zuri, na linaweza kuharibiwa kwa njia hiyo hiyo.

Sisi si wa kwanza kulijadili hili. Uholanzi, nchi ambayo leo kila mtu huitaja akizungumzia baiskeli, iliwatoza kodi wapanda baiskeli kuanzia mwaka 1924. Aliyelipa alipewa kibati cha kuonyesha. Miaka ya 1930, kazi zilipokosekana, wasio na ajira walipewa kibati bure, lakini kilitobolewa tundu katikati ili kila anayekiona ajue huyu hana kazi, na Jumapili hawakuruhusiwa kuendesha kwa kibati hicho. Kodi ilikufa mwaka 1941 na hakuna aliyeifufua. Toronto, nchini Kanada, ilidai leseni ya baiskeli tangu mwaka 1935 ikaifuta mwaka 1957, mji ukikiri kwamba leseni hiyo iliwafanya watoto wavunje sheria bila kujua na kuwaharibia uhusiano na polisi. Los Angeles ilifuta yake mwaka 2009 baada ya malalamiko kwamba polisi waliitumia kwa wengine na kuwaachia wengine. Uswisi kwa miaka mingi ilikuwa na kibandiko cha lazima kwenye kila baiskeli, ambacho kilikuwa cha bima tu; kufikia mwaka 2012 nacho kilikuwa kimeondolewa. Hizi ni nchi na miji yenye ofisi, kompyuta na anwani za nyumba kwa nyumba. Hata hivyo hakuna iliyoendelea nayo.

Lakini ukiishia hapo utakuwa umechukua nusu ya somo. Uholanzi hiyo hiyo inawafundisha watoto. Mwanafunzi wa miaka 11 au 12 hufanya mtihani wa usalama barabarani shuleni, wa maandishi na wa vitendo, akiwa juu ya baiskeli yake, akipita njia halisi huku watu wazima wamesimama kwenye makutano kumwangalia kama ameangalia nyuma kabla ya kupinda, kama amenyoosha mkono, kama amempa nafasi anayestahili. Ujerumani nayo ina mtihani wa namna hiyo kwa watoto wa darasa la nne, mara nyingi polisi wakishiriki kufundisha. Mtoto akishindwa hazuiwi kupanda baiskeli kesho yake. Anafundishwa tena. Maarifa yote ambayo hoja ya leseni inataka yawe kichwani mwa mpanda baiskeli yamo katika somo hilo, bila dirisha la malipo wala askari wa kuuliza kadi.

Sasa tuilete leseni hiyo Kisesa tuione ikifanya kazi. Ni asubuhi, saa moja kasoro. Mzee wa miaka 60 anatoka na madumu manne ya maziwa. Kabla ya Igoma anasimamishwa.

"Shikamoo, mzee. Leseni ya baiskeli iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeiacha nyumbani."

"Basi baiskeli itabaki hapa mpaka uilete."

Kilomita za kurudi ni za miguu, na maziwa hayasubiri jua. Mzee huyu amepanda baiskeli miaka 45. Pengine hajui kusoma vizuri, kwa hiyo mtihani wa maandishi ungemtoa barabarani kabla ya kijana anayejua kusoma na kuendesha vibaya. Kilicho mbele yake ni mambo mawili: kutoa chochote alicho nacho mfukoni ili apite, au kurudi. Askari kijana aliyemsimamisha si lazima awe mtu mbaya. Sheria imemweka mahali ambapo kila asubuhi atakutana na watu mia wasio na kadi na wenye haraka. Sheria inayomweka mtu mwema mahali pa kushawishika kila siku imeandikwa vibaya.

Na kuna watoto. Mwanafunzi wa kike wa sekondari ya kata ya Misungwi au Sengerema anayekwenda kilomita nyingi kila siku, ambaye wazazi wake wamejinyima wakamnunulia baiskeli ili asiombe lifti kwa watu asiowajua, naye atatakiwa awe na leseni? Ukisema ndiyo, umemrudisha kwenye miguu na kwenye lifti. Ukisema hapana kwa sababu ni mtoto, umemsamehe yule ambaye kwa umri na uzoefu ndiye mwenye hatari zaidi barabarani, ukamdai mzee wa maziwa. Sijaona namna ya kulitatua hili ndani ya mfumo wa leseni.

Wapanda baiskeli nao waambiwe ukweli wao, na nauandika nikiwapenda. Kuendesha usiku bila taa ni kujitoa uhai na kumtwisha mtu mwingine kumbukumbu ya maisha. Dereva anayetoka kwenye mwanga wa gari linalokuja mbele yake haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Katika sekunde hizo baiskeli nyeusi, shati jeusi na gunia la mkaa ni giza tupu. Kiakisi mwanga chekundu nyuma na taa ndogo ya betri mbele vinaweza kupatikana kwa fundi yeyote wa baiskeli, na vinaokoa kuliko kadi yoyote. Kuja upande wa magari yanayokuja ni hatari zaidi ya wengi wanavyodhani, kwa sababu dereva anayeingia barabarani kutoka njia ya pembeni anaangalia upande magari yanakotoka, na wewe unatokea upande wa pili. Breki ya mpira iliyokwisha, kwenye mteremko wa Mabatini au Isamilo, ni sawa na kutokuwa na breki. Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Si Shinyanga tambarare, na anayeteremka na mzigo anahitaji breki mbili zinazofanya kazi. Na matenga yakizidi upana wa mpini, baiskeli hiyo isukumwe kwa miguu inapopita katikati ya mji.

Haya ni makosa, na trafiki ana haki ya kumsimamisha anayeyafanya. Amsimamishe kwa taa, kwa breki, kwa upande wa barabara, kwa vitu vinavyoua. Ukimpa askari kadi ya kukagua, macho yake yataacha breki.

Halafu tuitazame barabara yenyewe, maana hapa ndipo fedha na akili zingepaswa kwenda. Barabara kuu zinazoingia Mwanza, ya Nyerere kutoka Musoma, ya Kenyatta kutoka Shinyanga kupitia Buhongwa, Nyegezi na Mkuyuni, na ya Makongoro kwenda uwanja wa ndege kupitia Kirumba na Pasiansi, ndizo njia za wapanda baiskeli pia, kwa sababu vilima na ziwa havijaacha njia nyingine. Mtu anayetoka na dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba hana uchochoro wa kumtoa mjini. Ana barabara hiyo hiyo ya mabasi. Bega la barabara, pale lilipo, ndiyo nafasi yake. Na bega hilo limekaliwa. Kuna bodaboda wanaosubiri abiria, Hiace inayoshusha, meza ya matunda, mchanga wa mvua ya jana. Mpanda baiskeli anatoka begani, anaingia barabarani, na dereva wa nyuma anaona mtu asiye na nidhamu. Hakuona kilichomtoa.

TANROADS wanazisimamia barabara kuu, TARURA wanazisimamia za mitaa, na halmashauri ya Jiji la Mwanza na ya Manispaa ya Ilemela wana sheria ndogo za maegesho na biashara. Wote hawa wakikaa meza moja wanaweza kulirudisha bega hilo kwa wapanda baiskeli, bila kungoja mkopo wa nje. Penye mitaa ya shule na masoko, mwendo ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa na matuta yajengwe. Dar es Salaam kuna mfano unaojulikana duniani: mradi wa shirika la Amend wa kuboresha barabara zinazozunguka shule za msingi, kwa njia za miguu, matuta na alama, ulishinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross Prize for Cities mwaka 2019. Vitu vilivyotumika vilikuwa vya kawaida kabisa: saruji, rangi, nguzo. Dar es Salaam pia kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukidai njia za baiskeli kwa maandamano ya amani ya baiskeli. Mwanza, yenye wapanda baiskeli wengi kiasi cha kuwahi kuwa uwanja wa mbio za Vodacom Mwanza Open Cycle Challenge, haina sauti ya namna hiyo, na inaihitaji.

Tumeona pia kwamba tukiamua tunaweza. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ziwa. Kabla yake mtu na baiskeli yake alisubiri kivuko pamoja na malori. Daraja hilo lilijengwa likiwa na nafasi ya waenda kwa miguu pembeni mwa magari, kwa sababu mtu fulani aliwakumbuka wakati wa kuchora. Kukumbukwa huko hakukuhitaji kila mvukaji aonyeshe kadi. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kulivuka daraja hilo kwa utulivu, kisha akifika Usagara na kuingia barabara ya mjini, akasukumwa mtaroni.

Kuna kundi moja ambalo kwalo nakubali uandikishaji: wanaobeba abiria kwa malipo. Anayemchukua mama na mtoto wake mgongoni, akapokea nauli, ameahidi kuwafikisha salama. Huyo ajulikane kijiweni kwake, jina lake liwe kwa mwenyekiti wa mtaa, avae kizibao kinachoakisi mwanga chenye namba, na fundi aikague breki yake kila baada ya muda uliokubaliwa. Uandikishaji huo ufanywe na chama chao, bila ada ya kuingia, na adhabu ya kwanza kwa anayekiuka iwe kukaa pembeni siku hiyo mpaka breki itengenezwe. Inatosha.

Kwa wengine wote, naomba wazo la leseni liwekwe kando, na nguvu zile zile zielekezwe kwenye mambo matatu ambayo hayahitaji Bunge: mwalimu wa shule ya msingi apewe nusu saa kwa wiki na uwanja wa kufundishia watoto kupanda baiskeli barabarani, kila baiskeli inayouzwa mpya dukani Mwanza itoke ikiwa na kiakisi nyuma na taa mbele, na bega la barabara, kuanzia Igoma hadi mjini, liachwe wazi. Wewe unayeendesha gari, mpe mpanda baiskeli mita moja na nusu unapompita, na kama nafasi hiyo haipo, subiri nyuma yake. Wewe unayeendesha baiskeli, nunua taa kabla ya jioni ya leo.